Mama Mursik na Pua Yake

Wako wanaoishi kwa mikono yao, wako wanaoishi kwa mdomo. Jirani yangu wa sokoni aliishi kwa pua. Miaka mingi kibanda changu cha ushonaji kimekuwa ubavuni mwa kibanda chake hapa Kiptere, katikati yetu ukuta wa mbao tu, na nikisema pua sina maana kwamba alikuwa mdaku, ingawa hilo nalo lilikuwepo. Nina maana pua yenyewe, ile iliyokaa usoni.

Jina analo, lakini sokoni hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mama Mursik kwa sababu ya maziwa aliyouza, yale yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ambayo sisi Wakipsigis hatuna sherehe bila hayo. Kijana akienda kuposa, mursik. Mkimbiaji akirudi na medali, mursik. Mgeni wa heshima akiingia bomani, mursik. Na aliyetutengenezea hiyo mursik, tena nzuri kuliko ya mama zetu, alikuwa Mkikuyu.

Mtu wa mbali atacheka. Hata sisi tulicheka mwanzoni. Kuna wazee waliokuja kuonja ili wapate kisa cha kusimulia, wakarudi wiki iliyofuata wakiwa na vyombo vyao, kimya kimya. Mmoja alimwuliza mbele ya watu, "Na wewe mama, nani alikuruhusu kushika kitu yetu?" Akamjibu bila kuinua kichwa, "Mzee, hii ng'ombe umewahi kuiuliza ni kabila gani? Ama iko na kura?" Soko lote likaangua kicheko, na mzee akacheka kuliko wote, akanunua.

Aliyemfundisha alikuwa bibi mmoja wa huku kwetu, jirani yake wa zamani, ambaye mabinti zake wote walikataa kazi hiyo kwa sababu ya masizi. Bibi alikuwa haelezi kitu. Alikuwa anampa kibuyu, anamwambia anuse, basi. Ukinusa vibaya unarudia. Ndivyo alivyojifunza, na ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote, kwa kunusa.

Nilimtazama kupitia ufa wa ukuta mpaka nikaijua kazi yake kwa moyo. Asubuhi maziwa yalipoletwa, kabla hajamimina, aliinamia mtungi. "Hii rudisha," angesema. "Ng'ombe yako imekula kitu." Mwenye maziwa angeapa kwa mbingu na nchi, halafu katikati ya kiapo akumbuke kwamba jana ng'ombe aliingia kwenye kabichi za jirani. Maziwa mazuri aliyachemsha, akayaacha yapoe. Yakiwa yanapoa alichoma vijiti vya senetwet, kile kichaka chenye maua ya manjano, mpaka viwe makaa mekundu, akayatia ndani ya kibuyu na kuyasaga kwa fimbo ndefu mpaka ukuta wote wa ndani uwe mweusi wa kung'aa. Akapuliza vumbi. Kisha akaweka pua kwenye mdomo wa kibuyu, akafumba macho, na hapo hata ungemwambia duka linaungua asingekusikia.

"Imekubali," alisema. Au, "Bado inalia." Ikiwa bado inalia, alianza upya.

Sasa, jambo ambalo wateja wake wengi hawakulijua: hakunywa mursik. Hata tone. Alikunywa chai, ya rangi ya tofali, sukari mpaka kijiko kisimame. Mursik ilikuwa haishuki, ndivyo alivyoniambia, tena kwa kunong'ona kama mtu anayeungama. Nilimwambia ni aibu, ni sawa na mimi nitembee uchi huku nikiuza nguo.

"Wewe hizo yunifomu unashona unavaanga?" akaniuliza.

"Lakini utajuaje ni tamu?"

"Ulimi ni mwongo, Fundi. Ukiizoesha kitu mbaya inazoea. Pua haizoei."

Alikuwa na jibu la kila kitu, na kwa hasira zake usingependa kumfikisha kwenye jibu la pili. Muuza omena, wale dagaa wakavu, alihamishwa na Mama Mursik mpaka upande ule wa pili wa soko, si na kaunti, na Mama Mursik. Mhubiri wa Jumamosi aliyejipulizia manukato alisimamishwa mita kadhaa kutoka mlangoni, akahubiria hapo hapo. Wasichana waliopaka mafuta ya nywele walinunua kwa kunyoosha mkono kutoka nje. Lakini mama anayenyonyesha akipita hapo na uchovu usoni, aliitwa ndani, akapewa kikombe cha maziwa ya moto, akaambiwa akae. Hakutakiwa kutoa kitu. Ole wake tu aje mwenyewe kuomba. "Ukiomba unakosa," alisema, na kweli unakosa. Sikuwahi kuielewa hiyo hesabu yake na sasa nimeacha kujaribu.

Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, Mama Mursik alilala kanisani pamoja na Wakikuyu wenzake, kisha wakapakiwa kwenye lori wakaenda. Sitaki kusema mengi juu ya mwaka huo. Waliowapakia ni watu niliowajua, na waliowaficha ni watu niliowajua. Nilivichukua vibuyu vyake nikavificha chini ya kitanda changu, na niliviosha vizuri kwa sabuni ya unga ili akirudi avikute safi.

Alirudi, wengi hawakuamini. Alishuka na mzigo mmoja, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu. Hatukusalimiana. Nilivuta vibuyu, akakiinua cha kwanza, akanusa, akaniangalia.

"Haiya! Umetia Omo?"

"Nilitaka viwe safi, Mama."

"Ngai! Watu walishindwa kuniua, wewe ukaniulia vibuyu." Tukakaa chini sakafuni tukacheka mpaka tukalia, na vibuyu vyote akavitupa.

Tangu siku hiyo kuna mambo ambayo Kiptere hatukuyasema tena mbele yake. Hakuna aliyetangaza sheria. Utani wa Mkikuyu na mursik ulikufa wenyewe. Hata maziwa yakichelewa, hata akikufokea bila sababu, ulimeza. Tuliona haya, ndiyo kweli, na haya yetu tuliifanya heshima. Nalieleza hili kwa sababu bila hilo mtu hawezi kuelewa upumbavu uliofuata, jinsi soko zima la watu wenye midomo lilivyoshindwa kumwambia mama mmoja jambo moja.

Ule mwaka wa barakoa aliugua. Alikohoa, akalala nyumbani, akarudi amekonda, akafungua kibanda. Tulifurahi. Mimi nilijua kuna kitu kimeharibika kwa sababu ya shati la shule. Zamani pasi yangu ikikaa mahali sekunde moja zaidi, kabla mimi mwenyewe sijasikia, ukuta uligongwa: "Fundi! Unachoma mtoto wa watu!" Siku hiyo nilikuwa napiga soga na mteja, pasi iko juu ya mkono wa shati, moshi ukapanda mpaka darini. Ukuta haukugongwa. Nilichungulia kwenye ufa. Alikuwa amekaa na kibuyu usoni, na macho yake yalikuwa wazi. Sikuwa nimewahi kumwona akinusa macho yakiwa wazi. Aliondoa kibuyu, akakiangalia, akakirudisha, kama mtu anayepiga simu isiyoingia.

Nilingoja siku kadhaa, halafu nikaenda.

"Mama, tangu uugue, pua yako iko sawa?"

"Iko sawa."

"Kwa sababu juzi nilichoma shati, na hukunipigia kelele."

"Nimezeeka. Siku hizi nakuonea huruma." Akanipa kisogo, akaanza kusaga mkaa ambao ulikuwa umeshasagika.

Nilimwuliza tena baada ya muda, na mara ya tatu nilimshika mkono kabisa. Aliniambia niende nikashone. Mtu mzima akikuambia pua yake iko sawa, utafanya nini? Utamkamata uifungue uangalie?

Maziwa yakaanza kubadilika. Siku nyingine yalikuwa machungu kwa mkaa mwingi, siku nyingine yalikuwa na ule uchachu mbaya wa kibuyu ambacho hakikusafishwa mpaka chini. Naye akaanza tabia mpya: mteja akionja, alimwangalia usoni. Hakuwahi kuwaangalia watu usoni. Sasa aliwakazia macho kama mama anayengoja daktari aseme, na mtu akiangaliwa hivyo na mtu mwenye miaka yake na historia yake, atasema nini? Alisema ni tamu. Wote walisema ni tamu.

Halafu kwetu maziwa hayatukanwi. Nililelewa hivyo. Ukipewa kikombe cha maziwa unapokea kwa mikono miwili, unakunywa, unashukuru. Chakula kingine unaweza kusema kina chumvi nyingi, maziwa hapana. Kwa hiyo tulikuwa na sababu mbili za kunyamaza, na zote mbili zilikuwa nzuri, ndiyo maana zilituangamiza.

Siku iliyotufunga kabisa ilikuwa siku ya koito, pale familia ya kijana inapokuja rasmi kwa kina msichana kuzungumza mambo ya mahari. Msichana ni wa hapa Kiptere, mama yake ni mteja wangu wa siku zote. Kijana alitoka Chebunyo. Mama wa msichana aliagiza mursik kwa Mama Mursik, na kwa heshima akamkaribisha aje yeye mwenyewe, akaketishwa kwenye kiti, si benchi, karibu na shangazi. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimevaa gauni nililoshona mwenyewe.

Wazee wa Chebunyo walikuwa wamesafiri tangu alfajiri. Kibuyu kikatikiswa, kikombe kikajazwa, mzee wao mkubwa akapokea kwa mikono miwili. Akanywa. Niliona shingo yake ikisimama. Kisha akameza, akasema, "Kongoi," akampitishia mwenziwe. Mwenziwe akanywa, akameza, "Kongoi." Kikombe kikazunguka chumba kizima hivyo, na kila mtu akashukuru. Kiliponifikia nilijua kabla hakijagusa mdomo. Yalikuwa yameoza. Si kuchacha, kuoza. Nilikunywa. Nilisema kongoi kama wenzangu. Mama wa msichana alikuwa ameinamisha kichwa, ananyoosha kitambaa cha meza kisichokuwa na mkunjo. Na Mama Mursik aligeuza uso wake taratibu kutoka kwa mmoja hadi mwingine, mpaka akanifikia mimi, na mimi nikatabasamu.

Mazungumzo ya mahari yaliisha vizuri. Wageni waliondoka mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Nilidhani baada ya hapo wateja watakwisha na biashara itajifunga yenyewe, na nilikuwa tayari kwa hilo. Sikuwa tayari kwa kilichotokea. Watu walizidi. Habari za koito zilizunguka, na kila aliyezisikia akamwonea huruma, na kila aliyemwonea huruma akaja kununua. Akina mama wa kanisa walipanga zamu kabisa. Walinunua, wakasifu, wakapita nyuma ya vibanda, wakamwaga mtaroni. Jua la saa nane likipiga baada ya mvua, harufu ya ule mtaro ilipanda ikatufunika sote. Muuza nguo za mitumba alifunga leso puani. Wateja wangu walivaa yunifomu za kupima huku wakipumua kwa mdomo. Katikati ya harufu hiyo, mlango wake ukiwa umeelekea mtaro, Mama Mursik alikaa akinywa chai yake. Soko zima lilijua, mbwa walijua, na aliyewahi kumfukuza mhubiri kwa sababu ya manukato hakujua.

Kwa sababu biashara ilikwenda vizuri, aliongeza vibuyu. Nilimwona akivipanga, amefurahi, nikaingia kibandani kwangu nikakanyaga cherehani bila kitambaa. Nilikasirika na kila mtu: na akina mama wa kanisa kwa wema wao, na yeye kwa ubishi wake. Nilimwendea mama wa msichana nikamwambia hii sasa ni dhambi, mtu amwambie.

"Mwambie wewe," akasema.

"Nimejaribu. Anakataa."

"Sasa unataka sisi tumwambie nini? Maziwa yako imeharibika, enda? Si atasikia ile 'enda' ya wakati ule? Mimi siwezi. Afadhali nimwage."

Nikarudi kibandani kwangu. 

Harusi ya kanisani ya yule msichana ilikuwa Desemba iliyopita. Asubuhi ile nilipita kwa Mama Mursik nyumbani, nyuma ya kituo cha kuuzia majani ya chai, kwa sababu nilisikia ameagizwa tena na nilitaka kumsaidia kubeba. Nilimkuta uani. Mbele yake, juu ya kigoda, alikuwa amepanga vitu: kahawa kwenye kikopo, limau lililokatwa, karafuu, kitambaa chenye mafuta ya taa. Alikuwa anaviinua kimoja kimoja, anavileta puani, anaviweka. Hakuvificha aliponiona.

"Daktari wa Kericho alisema nifanye hivi kila asubuhi," akasema. "Eti pua inaweza kukumbuka."

"Na imekumbuka?"

"Ni kama kunusa ukuta." Aliinua limau tena, akaliweka. "Kaa, Fundi. Chai iko."

Nilikaa. Nilikuwa na maneno ya miaka kifuani. Akayatoa yeye.

"Siku ile ya koito nilijua," akasema. "Wazee walisema asante wote, hakuna mtu aliongezwa. Mursik ikiwa mzuri mzee hasemi asante haraka hivyo. Anangoja kikombe irudi."

"Mama..."

"Na ile mtaro pia najua. Naona nzi."

Nilimwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, kwa nini basi hajaacha. Kwa nini anaamka, anachoma, anasaga, anabeba, kila siku, kwa ajili ya mtaro.

"Nikiacha watajua nimejua," akasema. "Wale akina mama watalala aje? Wazee wataniangalia aje njiani? Watu wamejaribu sana kwangu, Fundi. Wacha wajaribu." Akakoroga chai yake muda mrefu. "Na pia nikiacha, asubuhi nitaenda wapi?"

Nilimwambia leo ni harusi, si mchezo, kuna wageni wa kutoka mbali, tena ni wale wale wa Chebunyo. Alisema anajua. Alisema mama wa msichana ameshachukua nyingine kwa mama fulani wa Sosiot, iko jikoni nyuma ya mlango, mtoto wa jirani alimwona akiileta. Hakuna mgeni ataumia. Yake ni ya kuonekana tu. Kisha akaniomba nisimwambie mtu yeyote kwamba amejua, na nikaahidi, maana ningefanya nini kingine?

Alisimama, akafunga vibuyu kwa kanga. Kikubwa nilikibeba mimi, kidogo akabeba yeye. Tulishuka kando ya majani ya chai yaliyolowa, yeye mbele, akiulizia gauni la bi harusi, kama nimeweka lesi au nimeacha. Kizibo cha kibuyu changu kilikuwa kimelegea na maziwa yalinichuruzikia mkononi. Niligeuza kichwa upande wa upepo, nikamwambia nimeweka lesi.

Mama wa msichana alikuja mbio getini, amevaa kila kitu isipokuwa viatu. Alikipokea kibuyu kidogo kwa mikono miwili, akakiinua kama zawadi, akafunga macho, akanusa.

"Hii sasa ndiyo mursik," akasema. "Wewe mama, Mungu akubariki."

"Ni kazi ya mikono tu," akajibu jirani yangu, akitabasamu. "Mniite na ya mtoto wa kwanza."

"Tutakuita. Nani mwingine tutaita?"

Wakakumbatiana pale getini, wakashikana kwa nguvu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Macho ya wote wawili yalikuwa na machozi. Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu kikubwa kifuani, mkono umelowa mpaka kwenye kiwiko, natafuta neno moja la ukweli ambalo halingemvunja mmoja wao, na sikulipata.

"Hii niweke wapi?" nikauliza.

"Weka hapo mbele kabisa," mama wa msichana akasema, akijifuta macho. "Mahali watu wataiona."

Nikaiweka.